Ita Jina Hilo Jarubani

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anaheshimiwa, anakaribishwa kiti, lakini mwenye neno ni mjomba. Na mjomba ni mimi. Kwa hiyo mpwa wangu alipojifungua mtoto wa kiume, nilioga, nikavaa koti, nikakaa kibarazani hapa Dakawa kungoja niulizwe mtoto aitwe nani. Nilikuwa na majina matatu, yote nimeyapiga msasa. Nilikaa mpaka koti likaanza kunitoa jasho. Jioni ndipo simu ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mnaendeleaje huko?"

"Salama kabisa. Brayden ndiyo kwanza amelala."

"Huyo Brayden ni daktari?"

"Ndiye mtoto, mjomba."

Nikavua koti.

Ningenyamaza, maana mjomba wa siku hizi kazi yake ni kuchangia. Tatizo ni mama yangu, bibi mkubwa wa mtoto. Yeye ni mtu wa Matombo, huko milimani, mahali palipopewa jina kwa umbo la vilima viwili, na maana yake siitafsiri hapa kwa sababu watoto wanasoma. Bibi aliletewa kitukuu, akampakata, akauliza jina. Akaambiwa. Akauliza tena. Akaambiwa polepole, kwa mkato. Akafikiri kidogo, uso ukachangamka: "Ahaa! Biriani!"

Basi imekwisha hiyo. Mtoto anaitwa Biriani. Angezaliwa kwingine labda angepona, lakini hapa ni Dakawa. Hapa mpunga ndiyo mazungumzo ya asubuhi, mchana na jioni. Kabla mtoto hajafikisha siku arobaini, jirani mmoja alishauliza mdogo wake Pilau atazaliwa lini.

Msidhani nachukia majina ya ugeni. Dakawa hatuna haki hiyo. Mimi nimekua hapa, baba akifanya kazi kwenye shamba la mpunga la shirika la NAFCO, na nilikuwa mtoto wa miaka minane mwaka 1982, serikali ilipowapa ardhi hapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa chama cha ANC. Wenzao walikuwa tayari kule Mazimbu, kwenye shule iliyoitwa kwa heshima ya Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wageni hao walikuja na majina yao: Thabo, Sipho, Themba, Nomsa. Bibi hakuvunja jino hata moja. Thabo alikuwa Tabo, Sipho alikuwa Sipo, wakaitika, uji wakapewa. Majina yale yalikuwa ndugu wa majina yetu. Yanaishia kwa irabu, na kila moja lina maana: Thabo ni furaha, Sipho ni zawadi, Themba ni tumaini.

Kuna kubwa zaidi ya hilo. Kituo cha utafiti wa kilimo hapa Dakawa kilipewa jina la Cholima. Hilo ni jina la farasi mwenye mbawa wa hadithi za Korea. Farasi anayeruka, katika nchi ya viboko wa Mto Wami! Hakuna aliyelalamika, maana sikio la mkulima lilisikia "lima" mle ndani, likaridhika. Na mbegu yetu ya mpunga iliyopendwa kuliko zote iliandikishwa TXD 306, herufi zenye Tanzania, uzalishaji wa kuchanganya mbegu, na Dakawa yenyewe. Mkulima gani atasimama gengeni aseme amevuna teeksidii mia tatu na sita? Tukaiita Saro. Mpunga una jina la kwenye makaratasi na jina la mdomoni, nao unajaza magunia vilevile.

Mpwa wangu ni msomi, akanigeuzia kibao. "Mjomba, wewe mwenyewe unaitwaje?"

Hapo alinishika pabaya. Mimi naitwa Mashaka. Nilizaliwa mwaka 1974, mvua zilipogoma na taifa likapanga foleni ya unga wa njano. Baba yangu naye alizaliwa katika msimu mgumu, akaitwa Tabu. Kwa hiyo mimi, kwa ukamilifu, ni Mashaka Tabu. Miaka fulani nilikwenda kuomba mkopo wa pembejeo kwenye taasisi moja mjini. Kijana wa dirishani akasoma fomu, akanitazama, akasoma tena, akamwita mwenzake naye aje asome. Wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mkopo sikupata. Waliniambia dhamana haitoshi, lakini najua. Nani atamkopesha Mashaka Tabu?

Ndiyo maana nina haki ya kusema. Mtu ambaye jina halijawahi kumgharimu hawezi kuona kwamba hapa Tanzania jina halikai kwa mtu mmoja. Wewe una jina lako, la baba yako na la babu yako. Jina ulilompa mwanao leo, kesho litakuwa jina la pili la mjukuu, keshokutwa jina la tatu la kitukuu. Ukimwita mwanao Prince kwa sababu ya tamthilia uliyokuwa ukitazama na tumbo kubwa, jua unamwandaa binti atakayeitwa Mwanahawa Prince. Ataulizwa ufalme uko wapi, naye yuko kwenye foleni ya maji na ndoo mbili.

Tazama Mwalimu Nyerere. Chifu wa Wazanaki alizaliwa wakati nchi imevamiwa na viwavi, akaitwa Nyerere, ambalo kwa Kizanaki ni viwavi hao hao. Mwanawe akazaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mvua ikimwagika, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja baadaye kwa ubatizo, mwaka 1943. Viwavi wale walishakufa zamani, lakini jina lao limebandikwa viwanjani na barabarani. Kwa hiyo jina la ajabu si kosa. Wazee walikuwa na ya ajabu kutuzidi: Sikujua, Chausiku, Mabula, Nzala. Tofauti ni kwamba ukiuliza "kwa nini Nyerere?" unapata historia ya mwaka ule na nchi ile. Ukiuliza "kwa nini Brayden?" unajibiwa: "Limependeza tu, mjomba."

Limependeza, sawa, lakini limeandikwaje? Mpwa wangu anataka liwe Brayden, kwa y. Kwenye kadi ya kliniki, mwandishi aliyechoka ameandika Braideni. Mwenye orodha ya wageni wa shughuli ya arobaini akaandika Bryden. Baba mtoto kwenye simu yake ameandika Breyden. Mtoto ana mwezi mmoja na tayari ni watu wanne. Siku ya kutafuta cheti cha kuzaliwa, au shule, au kitambulisho cha taifa, ndipo atakapojua kuwa kiapo mbele ya wakili kina bei, na y hiyo ndiyo itakayomlipisha nauli ya kwenda mjini mara tatu.

Nikisema serikali iingilie, nitakuwa nimepotoka. Mobutu aliingilia. Mwaka 1972 aliwakataza Wazaire majina ya Kikristo ya kizungu, naye akaacha Joseph-Désiré, akajivika Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Aliwaambia watu wajirudie, yeye akajiongezea. Na hao wazungu tunaowaiga nao wana ya kwao: Mei 2020 tajiri Elon Musk alitangaza mwanawe anaitwa X Æ A-12, na wazazi wakalazimika kuitoa ile 12, maana cheti cha California hakipokei tarakimu. Mbegu ya mpunga ya Dakawa ina tarakimu tatu na haijapata shida na mtu.

Mimi sitaki sheria. Nataka kipimo, na kipimo kiko jarubani. Mpunga ukianza kukomaa, kwelea kwelea hushuka kama wingu, na watoto ndio wanaoamia ndege. Simama kwenye tuta upande huu, mtoto awe upande ule, ndege wanashuka, upepo unavuma kutoka Wami. Ita. "Thabooo!" Limefika. "Mashakaaa!" Limefika, ingawa na ndege nao wamepata wasiwasi. Hata ushirika wetu, Uwawakuda, ukiutaja kwa sauti unafika ng'ambo bila kujikwaa. Sasa ita Brayden. Sauti inagonga ile n ya mwisho, inafia mdomoni, mtoto hajasikia, kwelea wameshiba.

Nilimpeleka mpwa wangu kwenye tuta wiki iliyopita, mtoto mgongoni kwa bibi yake upande wa pili. Akaita jina lake zuri mara tatu. Kimya. Bibi mkubwa, aliyekuwa amekaa kando yangu akichambua mboga, akaona tunachelewesha chakula. Akainua kichwa, akavuta pumzi: "Biriaaani!"

Mtoto akalia kutoka kule kule, na wavunaji wawili wakageuka kuuliza linaliwa wapi.

Basi ewe mzazi unayengoja, kabla hujajaza fomu, fanya mambo matatu. Mwite mtoto kwa sauti uwanjani. Mpe bibi yake mkubwa ajaribu. Kisha andika jina hilo mbele ya jina la mumeo, uone kama mjukuu atapata mkopo. Likipita yote matatu, mwite utakavyo, hata liwe la farasi wa Korea. Na mjomba wa mtoto, kama yupo, mpigie simu mapema. Koti lina joto.