Malaika Wenye Makoti

Rafiki anayekukopa unaijua dawa yake: unazima simu. Rafiki aliyeandika riwaya hana dawa. Huyu wangu ni mwalimu wa sekondari hapa Mugumu, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake. Kila jioni alikuwa akijifungia ndani, tukadhani anakimbia wadai. Kumbe anaumba ulimwengu.

Riwaya yenyewe ni ya kiroho na ya maajabu: falme, majoka, panga zinazowaka moto, na kijana yatima anayetumwa kuirudisha taa ya hekalu iliyoibwa na mfalme wa giza. Kurasa mia nne na ushee. Ina hata ISBN. Ukikishika kitabu anakugeuzia jalada la nyuma uione kwanza, kabla hujasoma chochote.

Sina ugomvi na hadithi za namna hiyo. John Bunyan, aliyesota gerezani miaka 12 kwa ajili ya mahubiri yake, alichapisha safari ya Mkristo wake mwaka 1678. C.S. Lewis akatoa vitabu saba vya Narnia kati ya 1950 na 1956. Na Shaaban Robert wetu mwaka 1951 akatupa Kusadikika, nchi inayoelea angani, tena bila kuazima theluji kwa mtu.

Hapo kwenye theluji ndipo ninapoudhika. Ukurasa wa kwanza, theluji. Wa kumi, bado inaanguka. Malaika wamevaa makoti. Shujaa anakunywa supu ya uyoga chini ya msonobari. Jamani, huyu bwana kazaliwa Mara, kakulia ugali wa mtama. Theluji aliyoiona ni ile ya kwenye friji la soda dukani.

Halafu joka. Lina vichwa vitatu, linatema moto, na kila likitajwa natakiwa kutetemeka. Mimi shamba langu la mahindi liko upande wa hifadhi. Ninachokiogopa kina kichwa kimoja na mkonga mmoja, na hakitemi kitu. Kinakuja saa nane za usiku na ndugu zake, kinafyeka ekari nzima huku sisi tukipiga madebe na kumulika tochi, na asubuhi tunaanza kufuatilia kifuta jasho. Niandikie hicho, mura, nitalala taa ikiwaka.

Nilimwambia. Nikamwambia na habari za simba wake, maana mfalme wa wema humo ni simba, akifuata Simba wa Yuda na yule wa Lewis. Sawa, kule Uingereza simba ni picha ukutani. Hapa wako waliomkuta zizini. Mama mmoja jirani yetu nilimsomea pale simba anapoingia kijijini na watu wakapiga magoti kwa furaha. Akauliza ng'ombe walikuwa wapi.

Nikampa na mandhari ya bure. Kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka Serengeti, na wakifika Mto Mara wanajitosa, mamba wamekaa wanangoja. Kitabu cha Kutoka chote kiko pale, kimemkosa Musa tu. Akanitazama kwa huruma ya mzee wa kanisa, akasema, "Ndugu yangu, nyumbu hana upako."

Haki yake nimpe: sura ya kumi na moja ni nzuri mno. Yatima anafika kwa bibi kizee asiyeona, na bibi, kabla ya kujibu swali lolote la taa, anataka kujua mtoto huyu ni wa nani, wa ukoo gani, na amekula nini. Anampa maji kwenye kibuyu na kumkaripia kwa kuyanywa amesimama. Theluji hakuna, upanga hakuna. Nilirudia kuisoma. Nilipompongeza akasema ile aliilipua tu, siku umeme umekatika.

Uzinduzi ulikuwa kanisani baada ya ibada. Kwaya iliimba, mgeni rasmi akanunua nakala moja kwa laki mbili, kwa ahadi. Mimi nikauziwa mbili taslimu, "moja yako, moja ya shemeji." Shemeji yake kaishia kwenye makoti ya malaika.

Sehemu ya pili anaianza likizo ya Juni. Nakala zilizobaki za sehemu ya kwanza ziko kwenye maboksi sebuleni kwangu, shilingi 15,000 kila moja. Njooni mnunue, na mkikutana naye mwambieni mmempenda yule bibi.