Hotuba Kuhusu Ukweli, Wema na Ubunifu, Kutoka kwa Bingwa Pekee wa Kailo

Ukweli, kwa maana yake ya kitaaluma, ni kulingana kwa kauli na jambo linalosemwa, na ingawa Aristotle aliligusia suala hilo kule Ugiriki zaidi ya miaka 2300 iliyopita, ni dhahiri kwamba aliliacha nusunusu kwa sababu hakuwahi kufika Kailo. Upungufu huo unarekebishwa leo. Bingwa wa mhadhara huu, ambaye ubingwa wake umethibitishwa na jopo la mtu mmoja, naye ni yeye mwenyewe, ameazimia kueleza jinsi wanafalsafa, wanasayansi na wasanii wanavyoutafakari ukweli, wema na ubunifu, na kwa kuwa mambo hayo ni mapana, atayamaliza kabla ya jua kuchwa.

Ardhi ya Kailo, jirani na mji wa Kindu mkoani Maniema nchini Kongo, ina kasiteriti, yaani mawe yanayotoa bati, pamoja na wolframiti, inayotoa tangsteni, metali iliyotengwa kwa mara ya kwanza na ndugu wawili wa Kihispania, Juan José na Fausto Elhuyar, mwaka 1783. Mawe hayo yote ni mazito na meusimeusi, kiasi kwamba jicho lisilofunzwa huyachanganya. Lakini yakikwaruzwa kwenye kigae cha kauri kisichong'arishwa, kasiteriti huacha mstari unaokaribia weupe, na wolframiti huacha mstari wa kahawia iliyokolea. Karl Popper, katika kitabu chake cha mwaka 1934, alishikilia kwamba nadharia ya kisayansi ni ile inayokubali kujiweka katika hatari ya kukanushwa, na kigae hicho hufanya kazi hiyo bila kumtaja Popper hata mara moja. Mchimbaji naye husimama majini na karai mikononi, akiuzungusha mchanga polepole hadi ulio mwepesi uchukuliwe na maji na weusi ubaki chini, kwani kasiteriti huuzidi mchanga wa kawaida kwa uzito kama mara mbili na nusu kwa ujazo uleule. Bingwa humtazama mtu huyo kwa huruma: anatenga kilicho na kisicho tangu asubuhi, na hana hata cheti.

Kuhusu maadili ya madini hayo hakuna haja ya kukawia, kwa sababu tangu Marekani ilipotunga sheria mwaka 2010 ya kuzitaka kampuni zieleze asili ya bati na tangsteni yao, wema umepata umbo la plastiki, yaani lebo yenye namba inayofungwa kwenye mdomo wa mfuko. Lebo hutaja mfuko ulikotoka. Kiasi alicholipwa aliyeujaza hakimo, pengine kwa sababu lebo ni ndogo.

Jambo linalostahili uzito wa bingwa ni Bwami, chama cha Walega wa Pangi na Shabunda, ambacho daraja zake huanzia Kongabulumbu na kupanda hadi Kindi, na ambacho ndani yake mtu hupanda kwa miaka mingi, akisaidiwa na ndugu zake, akilipa, akicheza, na zaidi ya yote akifunzwa methali. Kila methali huambatanishwa na kitu: gamba, mdomo wa ndege, kinyago kidogo, sanamu ya pembe ya ndovu inayotosha kiganjani na iliyong'aa kwa kupakwa mafuta tena na tena. Ipo sanamu yenye nyuso zinazotazama pande zote, iitwayo Sakimatwematwe, Mwenye Vichwa Vingi, ambayo humwakilisha mzee mwenye kuliona jambo kwa pande zake zote. Bingwa anaiheshimu sana, kwa kuwa anaiona kuwa picha yake. Kilega kina neno moja, busoga, linalobeba uzuri na wema kwa pamoja, na hivyo mabishano ambayo yangejaza maktaba za Ulaya yanakosa pa kuanzia. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilikipiga chama hicho marufuku mwaka 1948, na miaka michache baadaye Mbelgiji mwingine, Daniel Biebuyck, akafika kukichunguza, akachapisha kitabu kikubwa juu yake mwaka 1973. Sanamu nyingi sasa hukaa nyuma ya vioo vya makumbusho, Tervuren kule Ubelgiji na kwingineko, zikiwa na taa nzuri, bila mafuta, bila ngoma, bila mtu wa kuzisemea methali zake.

Msikilizaji mwepesi wa hesabu anaweza kuuliza ni kwa nini mzee wa Kindi alitumia sehemu kubwa ya umri wake kufikia daraja ambayo bingwa ameifikia alasiri moja. Jibu ni kwamba mzee alikosa bahati ya kujipandisha mwenyewe. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alitoa mwaka 1988 kitabu kinachohoji ni nani walioizua Afrika katika maandishi na kwa mamlaka gani. Bingwa amelisoma jalada lake mara mbili na kuridhika kwamba hakimhusu.

Limebaki ombi moja, lililoletwa na wachimbaji waliokaa safu ya nyuma, kwamba hotuba yenyewe itiwe katika karai na kuzungushwa majini ili ionekane kitakachobaki chini. Ombi hilo limekataliwa, kwa kuwa maji ya leo yana kasi.