Muulize Mama Nukta: Barua ya Kazi Yenye Nakala kwa Gavana

"Jambo Mama Nukta. Nimemaliza chuo hapa Bukavu, najua kuandika programu, na kila siku naomba kazi kwenye intaneti. Hakuna anayejibu. Nimeambatanisha barua ninayotuma. Shida iko wapi? Mwenye Kompyuta, Kadutu."

Jambo sana, mwanangu. Umefanya vyema kuniandikia mimi. Ungeweza kumwendea yule bwana wa redio anayeshauri mambo ya ndoa na mbolea kwa sauti ileile, lakini umejua maarifa yanakaa wapi: Nyawera, ghorofani juu ya duka la matairi, mlango wenye pazia la kijani.

Kabla ya shida yako, msomaji mgeni ajue anamsoma nani. Mimi nimepiga barua za mji huu kwa taipureta ya Olivetti tangu wazazi wenu wakivaa kaptula za shule. Kuna waheshimiwa wenye vitambi na madereva ambao kazi yao ya kwanza waliipata kwa koma niliyoiweka mimi. Wakinikuta njiani hawanisalimii. Sisemi kitu. Siku wakihitaji barua ya kudai pensheni watapanda ngazi hizi, na ngazi zenyewe ni nyingi.

Sasa barua yako. Nimeisoma nikiwa nimekaa, nikaimalizia nimesimama.

Umeiandika kwa Kiingereza, lakini mifupa yake ni ya ofisi za kwetu. Unaanza kwa kusema una heshima ya kuja mbele ya ukarimu mkuu wa msomaji, unamaliza kwa kumsihi apokee hisia zako zilizotukuka. Katika Kifaransa cha serikali maneno hayo hayasikiki tena, yamechakaa kwa kutumika. Ukiyapeleka kwa Kiingereza neno kwa neno, mtu wa Toronto aliyeamka akitafuta wa kumtengenezea ukurasa wa malipo anakuta kijana asiyemjua anamtumia hisia. Ameogopa. Mimi sitishiki, kwa kuwa nimetumiwa hisia nyingi enzi zangu, nyingine zikiwa na makosa ya tahajia, na nilizirudisha kwa wenyewe nimezisahihisha kwa biki nyekundu.

Kisha nikafika chini. "Nakala kwa taarifa: Mheshimiwa Gavana wa Kivu Kusini. Bwana Meya wa Jiji. Bwana Burgumestre wa Kadutu. Mkuu wa kartye."

Mwanangu, unaomba kazi ya kusogeza kitufe cha bluu kitoke kushoto kiende kulia. Gavana ataifanyia nini taarifa hiyo?

Najua ulikojifunza. Umejifunza kwa baba yako, naye alijifunza kwangu. Wakati wa karatasi nakala zilikuwa na akili yake: barua iliyofika ofisi nne haiwezi kupotelea kwenye droo moja. Mteja wa intaneti hana droo. Ana kidole, na kidole kinashuka haraka. Ana maombi mengi mbele yake na atasoma mistari miwili ya kwanza ya kila moja. Katika miwili hiyo wewe ulikuwa bado unausifu ukarimu wake.

Katika wasifu umemweleza kwamba hujaoa, umetaja kijiji cha asili, usharika na jina la baba, na umeweka picha umesimama mbele ya ua la plastiki. Kwetu wasifu usio na hayo ni wa mtu anayejificha. Marekani na Kanada waajiri wengi hawayataki kabisa, kwa sababu sheria zao zinakataza kumbagua mtu kwa asili yake, na wanaona heri wasijue. Yatoe. Ua nalo lirudishwe kwa mwenyewe.

Tuje kwenye tahajia, mahali ambapo mimi sina mpinzani kutoka Uvira hadi Goma. Umejiita "developper". Hiyo p ya pili imevuka mpaka wa Ruzizi bila karatasi: Kifaransa wana mbili, Kiingereza wana moja. Halafu "adress" umeipa d moja ya Kifaransa, na Kiingereza wanataka mbili. Umezidisha p, umepunguza d, hesabu imetoka sawa, ila hakuna aliyekuomba hesabu. Tena simu yako imewekwa Kifaransa, hivyo kila ulipoandika "the" yenyewe ikaandika "thé". Barua nzima imejaa chai. Nenda kwenye mipangilio ubadilishe lugha ya kibodi kabla ya kuandika neno moja zaidi.

Umeandika pia "Java Script", "Git hub" na "My sql". Mteja anayekutafuta anaishi na majina haya mchana na usiku, na anakutambua kwayo kama fundi au mpita njia. JavaScript ni neno moja, S kubwa, na si Java. Ni lugha nyingine, ambayo Brendan Eich aliitunga mwaka 1995 kwa siku kumi. GitHub ina H kubwa. MySQL inaanza na My kwa sababu Michael Widenius, Mfini mmoja, aliipa jina la binti yake. Binti mwingine, Maria, alipata MariaDB. Wanangu mimi hawakupewa hifadhidata yoyote. Walipewa majina ya bibi zao, wakaridhika, na mmoja ananipigia simu kila Jumapili.

Utaniambia hata wakubwa hukosea. Ni kweli, na ninawajua kwa majina. Ken Thompson, mmoja wa mababa wa mfumo wa kompyuta uitwao Unix, alipotunga amri ya kuunda faili aliiandika "creat", bila e ya mwisho. Baadaye akaulizwa angebadilisha nini kama angeianza Unix upya, akasema angeirudisha ile e. Mwaka 1996 ilipotolewa hati ya HTTP, kanuni ambazo kurasa za intaneti husafiria, ndani yake mlikuwa na neno "Referer" lililopungukiwa r moja. Halijasahihishwa mpaka leo. Programu za dunia nzima zimelizoea hivyo, na atakayeongeza r leo ataziharibia kazi. Kosa lililokwisha kutumwa huwa la watu wote.

Na tarehe 22 Julai 1962 Wamarekani walirusha chombo cha angani, Mariner 1, kwenda Zuhura. Hakikumaliza dakika tano. Kilipotea njia, wakakilipua wenyewe juu ya Atlantiki. Katika kunakili maelekezo ya kukiongoza palirukwa kistari kimoja. Kistari! Ningekuwepo pale mimi na biki yangu, chombo kingefika Zuhura na chenji ingebaki. NASA hawakuniita. Umri wangu mwaka huo si jambo la safu hii.

Lakini sikia tofauti. Thompson anasamehewa e kwa kuwa ametupa Unix. Wewe bado hujatupa kitu. Mteja hajauona msimbo wako, ameiona barua tu, na kutoka kwenye barua anakisia msimbo. Kompyuta haimwelewi mtu aliyekosea herufi moja katika jina alilolitunga mwenyewe. Sasa mtu anayejisifu kuwa makini, akakosea neno "makini", atapewaje ufunguo wa ukurasa wa malipo?

Dawa ninayo, na haiuzwi famasi yoyote. Chapa barua yako. Shuka bandarini, panda meli ya Goma, kaa upande wa nyuma ukiitazama Bukavu inavyopungua, na usome barua kwa sauti kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Abiria wakikutazama, watazame na wewe. Ukikosa nauli, soma chooni, maana kinachotibu ni kule kurudi nyuma. Jicho likienda mbele linarukia maana na kuziacha herufi. Likirudi nyuma halina maana ya kurukia, linalazimika kutazama kila neno. Wasahihishaji wanalijua hili tangu zamani. Meli nimeiongeza mimi.

Ukiwa majini watazame samaki wadogo waitwao sambaza. Watu wa Bukavu tunawala kana kwamba Mungu aliumba Ziwa Kivu pamoja nao, kumbe ni wageni: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hawakuandika barua ya kuomba kazi. Waliingia Kivu, wakazaana, kazi ikaonekana. Fanya hivyo. Weka kwenye ombi viungo viwili vya programu ulizoandika, ambavyo mtu akivibonyeza vinafunguka, pamoja na maelezo mafupi yanayosema programu inafanya nini na inawashwaje. Hivyo viwili vinatosha. Msururu wa vyeti vya mafunzo ya mwishoni mwa juma uache nyumbani.

Nilikuwa naelekea kwenye adabu, lakini imeingia barua ya pili na ni ya haraka.

"Mama Nukta, nimepata kazi, ila mwajiri anataka kwanza nimtumie dola hamsini za usajili kwa simu. Mwenye Haraka, Bagira."

Usitume. Ni mwizi. Mwajiri hulipa, halipwi. Na akibadilisha maneno akakutumia msimbo uufungue kwenye kompyuta yako "kama jaribio", ukatae mpaka umjue ni nani, maana wengine huficha humo programu ya kukuibia maneno ya siri. Tuendelee.

Adabu, Mwenye Kompyuta. Umemwandikia mteja "Hello sir", ukanyamaza ukingoja aitikie ndipo useme shida. Kwetu anayeanza na shida kabla ya salamu hakulelewa. Huko, salamu iliyotumwa peke yake inamfanya mtu aache kazi, asome, asikute kitu. Salimu na useme shida katika ujumbe mmoja. Na huyo "sir" ni mwanamke: jina lake liko juu ya tangazo, na mimi nililiona kabla sijavaa miwani. Mwite kwa jina lake.

Soma tangazo hadi mwisho. Wengine huficha humo agizo dogo, kama vile uanze jibu lako kwa neno fulani, ili wajue nani amesoma na nani ametupa barua ileile kwa watu mia. Wewe ulitupa ileile, mpaka ukasahau kutoa jina la mteja wa jana.

Herufi kubwa tupu acha. Oktoba 1995 wahandisi wa intaneti walitoa hati ya adabu iitwayo RFC 1855, na humo wanasema maandishi ya herufi kubwa tupu yanasomeka kama kelele. Mimi nilikuwa nimeshawaambia wateja wangu hivyo hapa ghorofani bila namba yoyote, lakini hati wameandika wao.

Jina pia. Unatumia majina matatu, na kila mahali umeyapanga kivyake. Tangu Mobutu alipopiga marufuku majina ya ubatizo mwaka 1972 Wakongo tumebaki na jina, jina la nyuma na la ubatizo lililorudi baadaye, wakati fomu za intaneti zina nafasi mbili tu. Chagua mpangilio mmoja unaolingana na kitambulisho chako, kadi ya mpiga kura au pasipoti, na usiuache. Siku ya malipo jina la akaunti lisipofanana na la kadi, pesa itakaa hewani na utaniandikia tena ukilia.

Saa nayo. Bukavu iko saa mbili mbele ya Greenwich, Kinshasa iko saa moja. Mteja akiangalia saa ya Kinshasa akidhani ni yako, mtapishana. Mwandikie UTC+2, na usimwambie "saa tatu" ya kwetu kama hutaki akungoje usiku.

Habari za umeme mwambie ukweli mapema, bila kilio. Bwawa la Ruzizi liko hapo mlangoni petu tangu miaka ya 1950 na bado tunalala gizani, lakini yeye hana haja ya historia hiyo. Anataka kujua kama una betri na saa ngapi unapatikana. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki, kisha umwache.

Nilitaka kueleza pia jinsi nilivyomfundisha profesa mmoja matumizi ya nuktamkato, hadithi ndefu na yenye kunisifu, lakini umeme umeanza kucheza na mhariri anagonga. Kwa hiyo: mistari miwili ya kwanza iseme utakachomtengenezea, viungo viwili vifunguke, p moja, d mbili, chai itoke, gavana apumzike. Tuma Jumatatu asubuhi.

Wiki ijayo namjibu kijana wa Uvira aliyemtumia mteja ujumbe wa sauti wenye jogoo ndani yake. Ninyi wengine mkiniandikia, ambatanisheni kazi zenu, si picha. Barua za herufi kubwa tupu sitazifungua.