Sifa za Programu Iliyogoma Kuingia

Wa kusifiwa wamekwisha kusifiwa. Simu zina mabango barabarani, kampuni za mawasiliano zina mabalozi wanaolipwa kucheka kwenye televisheni, hata bando la usiku lina wimbo wake. Yupo mmoja tu ambaye hajawahi kupewa khanga wala cheti cha ushiriki, na kila anapotokea hupokewa kwa msonyo. Namsema yule anayejitokeza chini ya kioo cha simu na kutamka, "Programu haijasakinishwa," halafu akaondoka bila kuaga. Jina lake la ukoo ni Hitilafu. Leo nasimama kumsifu, na wanaotaka kusonya wasonye sasa, wamalize.

Kwanza nasaba, maana mtu hasifiwi bila kutajiwa kwao. Julai 2008 kampuni ya Apple ilifungua duka lake la programu likiwa na programu 500. Oktoba mwaka huohuo likafuata duka la Android, hilo ambalo tangu Machi 2012 tunalijua kwa jina la Google Play. Wateja walipoingia, Hitilafu alikuwa ndani tayari. Tangu hapo amezaa watoto wengi: Inasubiri, Nafasi Haitoshi, Kifaa Chako Hakioani na Toleo Hili, na Kulikuwa na Tatizo la Kuchanganua Kifurushi, ambaye ni kitinda mimba na ndiyo maana ana jina refu. Wapo pia waliopewa namba badala ya majina, akina 492, 495, 504 na 921, na mmoja aitwaye DF-DFERH-01. Watu huwalaumu hawa wa namba kwamba hawaelezi shida ni nini. Aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi ya umma hawezi kulaumu. Karani mdogo hujieleza mpaka jasho likamtoka. Mkubwa hutaja kumbukumbu namba, na shauri likaishia hapo.

Sasa tabia zake. Ya kwanza ni subira, na mwalimu wake ni Inasubiri. Umebonyeza "Sakinisha", kaduara kanazunguka, dakika zinapita, hakuna kinachoshuka. Wenye pupa husema simu imekufa. Haijafa. Mara nyingi kuna foleni: duka linasasisha kwanza programu nyingine, ikiwemo ile ya dira ambayo hujaifungua tangu ununue simu, na yako itafikiwa zamu yake. Au siku moja wewe mwenyewe uliamuru kwamba vitu vishushwe kwa Wi-Fi pekee, ukasahau, na leo unatumia data. Inasubiri hakusahau. Amekaa analinda bando lako kwa amri yako mwenyewe. Niambie, nyumbani kwako nani mwingine anakumbuka ulichosema mwaka jana, na bado anakitii? Likija suala la bando kukata wakati programu imefika asilimia 97, huyo si Hitilafu. Huyo ni yule mwenye wimbo.

Tabia ya pili ni usafi. Watu wazima na akili zao hubeba simu zilizojaa takataka ambazo wasingezivumilia chumbani hata siku moja, na hakuna mzazi, mwenza wala kiongozi wa dini aliyewahi kuwashawishi wafagie. Nafasi Haitoshi huwashawishi kwa neno moja. Nenda kwa mafundi simu wa Kariakoo, au wale wa Luthuli Avenue kule Nairobi, usimame pembeni uone ibada hiyo inavyofanyika. Mama mmoja wa makamo ananyoosha simu juu ya kimeza cha kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii simu inagoma kuingiza programu ya benki. Si niliiwekea na kadi ya kumbukumbu? GB 32 nzima!"

Fundi anageuza simu, anapapasa mipangilio kwa kidole gumba. "Kadi haina kosa, mama. Picha na nyimbo zinakaa kwenye kadi, ila programu inaingia kwenye simu yenyewe. Na simu yenyewe ni ya GB 8, mfumo umeshakalia sehemu kubwa. Tupunguze vitu. Hii nifute?"

"Hiyo acha, ni kipaimara cha mdogo wako."

"Na hii?"

"Ni hicho hicho kipaimara, kwa upande wa pili."

"Na haya maua yameandikwa 'Asubuhi njema'? Yapo mengi, mama."

Mama anafikiri. Kila ua lilitumwa na mtu, na mtu ni utu. "Futa," anasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayetia saini hati ya kiwanja, "ila ya shemeji yangu yaache."

Fundi anafuta. Kisha anaeleza jambo ambalo matangazo hayalielezi: programu ya MB 60 haitosheki na MB 60. Kifurushi kinashuka kwanza, kinahitaji pa kukaa. Kinafunguliwa na kupangwa, kinahitaji pengine. Kikianza kazi kinaleta na mizigo yake mwenyewe. Anayebakiza nafasi iliyolingana sawasawa na programu amemkaribisha mgeni na kumpa mlango peke yake. Somo hilo la uchumi wa nafasi mama amelipata kwa buku mbili, pamoja na kufutiwa akiba ya Play Store, kuzimiwa simu na kuwashiwa. Hakuna semina ya ujasiriamali inayotoa elimu kwa bei hiyo, na semina haina kipaimara ndani yake.

Hapo pia tumegusa tabia ya tatu, yaani kugawa riziki. Programu zote zingekuwa zinaingia kwa mguso mmoja, fundi angekula nini? Kijana wa jirani anayejua pa kubonyeza angepata wapi soda? Na mjukuu angeitwa lini na babu yake, aambiwe akae karibu, aulizwe hali, kabla ya kukabidhiwa simu? Zipo familia zinazokutana kwa misiba na kwa simu kugoma.

Tabia ya nne ndiyo kubwa, nayo ni ulinzi. Programu yoyote ya Android hutiwa saini ya kidijiti na aliyeitengeneza. Toleo jipya likija na saini tofauti na ya lile lililomo, simu hulikataa papo hapo, hata kama jina ni lilelile na picha ni ileile. Mtu ametumiwa na rafiki yake toleo lililochakachuliwa, lenye rangi nzuri na ahadi ya kusoma jumbe zilizofutwa, akaambiwa aliweke juu ya lile la asili. Hitilafu anajibu: "Programu haijasakinishwa." Haongezi neno. Mwenye simu anamtukana, hajui kwamba ametoka kuzuiwa kumkabidhi mtu asiyemjua funguo za mazungumzo yake yote. Faili nalo likifika nusu, kwa sababu mtandao ulikatika au urushaji wa simu kwa simu uliishia njiani, yule kitinda mimba mwenye jina refu hukataa kulifungua. Angekuwa na tamaa angelipokea hivyo hivyo.

Zipo nyakati ulinzi wake hufika mpaka kwenye historia. Simu iliyokaa kabatini bila chaji miezi mingi inaweza kuamka ikiamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1970, siku ambayo mifumo mingi ya kompyuta huanzia kuhesabu muda. Mwenye simu hatazami tarehe, anakimbilia dukani. Duka linaonyesha cheti chake cha usalama, na cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu inakisoma na kuona kimetolewa miaka mingi mbele. Inakataa, na haki iko upande wake: kwa saa yake reli ya TAZARA ndiyo kwanza inatafutiwa mataruma, atatokea wapi mtu na cheti cha karne nyingine? Sisi wenyewe mara ngapi tumepokea vyeti bila kutazama tarehe?

Lakini kazi yake tukufu kuliko zote huifanya kimyakimya, usiku, mtu anapokuwa na dhiki. Ada ya mtoto imefika, kodi imefika, na kwenye kioo limepita tangazo la mkopo wa dakika tano bila dhamana. Ndio huo tunaouita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Wengi tulijua kwa nini kabla ya tangazo: programu ya namna hiyo ikishaingia huomba kusoma orodha ya namba zako, na siku ukichelewa kulipa ujumbe unatumwa kwa bosi wako, kwa mwenyekiti wa kikundi, kwa mama mkwe. Sasa hebu mfikirie mtu aliyebonyeza "Sakinisha" saa sita za usiku, akaambiwa nafasi haitoshi, akatupa simu kitandani na kulala. Asubuhi akamkopa dada yake, akasimangwa kidogo, yakaisha. Mtu huyo hajui kwamba ile video ya harusi ya dakika arobaini aliyoshindwa kuifuta ndiyo iliyomsitiri. Mama mkwe naye hajui. Sifa zote za usiku ule hazina mwenyewe, na ndiyo maana nimesimama hapa.

Najua wapinzani wapo, na wana hoja. Watasema: je, yule ambaye simu yake ni nzima, ina chaji, ina bando, ina nafasi, lakini akaambiwa kifaa chake hakioani? Huyo amekosa nini? WhatsApp, kwa mfano, iliacha kufanya kazi kwenye simu za chini ya Android 5.0 kuanzia tarehe 24 Oktoba 2023. Simu haikuvunjika usiku ule; ilistaafishwa na watu wasiowahi kuishika. Huduma za benki, tiketi na malipo nazo zinahamia kwenye programu moja baada ya nyingine, na kila moja inakuja na kimo chake cha chini, mwenye simu ya zamani abaki nje anachungulia.

Hoja hiyo naipokea, na ndiyo inayozidi kumpandisha chati mtu wangu. Tazama jinsi habari ileile inavyosemwa na watu mbalimbali. Bango linasema huduma ni ya kila Mtanzania. Meneja kwenye uzinduzi, huku utepe ukikatwa, anasema hakuna atakayeachwa nyuma. Ofisa wa dawati la wateja anasema suala lako linashughulikiwa. Halafu anakuja Hitilafu, hajavaa tai, anakwambia usoni: kifaa chako hakioani na toleo hili. Kwa maana nyingine, hii haikutengenezwa kwa ajili yako. Katika mlolongo wote huo, ni nani aliyekuheshimu kwa kukwambia kweli? Wanaomchukia wanamchukia kwa kosa la wale waliomtuma.

Na akishasema kweli, hakuachi mikono mitupu. Hukukumbusha kwamba kuna *150*00#, ambayo haishushwi, haisakinishwi, haijali kama una simu janja au kiswaswadu chenye tochi, na kwayo pesa imekuwa ikitoka kwa mama na kufika kwa mtoto shuleni miaka nenda rudi. Programu ya pesa ikigoma mbele ya kaunta, foleni nyuma yako ikaanza kukohoa, vidole vinarudi vyenyewe kwenye nyota na reli.

Neno langu la mwisho ni hili. Simu zetu zimefundishwa kusema ndiyo. Ndiyo, endelea kutazama, ndiyo, nunua, ndiyo, kubali masharti yote, kurasa ambazo hakuna aliyezisoma, ndiyo, ruhusu maikrofoni, ruhusu picha, ruhusu mahali ulipo. Katika kifaa kizima amebaki mmoja mwenye ujasiri wa kusema hapana, na akishaisema humrubuni, humhongi, humpi chai akalegeza. Nchi hii ina ofisi ngapi zenye sifa hiyo?

Basi atakapokujia, usisonye wala usiipige simu yako kofi la mgongoni kama nionavyo watu wakifanya. Shukuru kwanza. Kisha kaangalie tarehe, futa akiba, punguza maua ya asubuhi njema, zima, washa. Akigoma tena, shukuru mara ya pili, na ujiulize hiyo programu ulikuwa unaitakia nini.