Chai Ipo Ng'ambo ya Uhamiaji

"Baba, wewe si unakwenda Dodoma?"

Ndivyo alivyoniuliza dada wa mapokezi juzi pale uwanja wa ndege Dar, kwa upole, na masikio yangu hayajapoa mpaka leo. Nyuma yangu alisimama shemeji yangu wa Kongwa. Tangu tulipotoka Kariakoo nilikuwa namhubiria habari za launji: sofa za kuzama, chai ya bure, sambusa za kujichotea mwenyewe. Ndege ilikuwa imechelewa, na hakuna aliyekuwa tayari kusema itaruka saa ngapi. Nikaona hii ndiyo siku yangu. Nikatoa kadi ya mkopo, nyeusi, nzito, yaani ukiiweka mezani inalia.

Dada akaichanja. Kimashine kikafikiri, kikakataa. Akaifuta kwenye sketi, akaichanja tena. Foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Kijana mmoja mwenye ndala akapitisha tiketi ya daraja la juu juu ya bega langu, akakaribishwa ndani, mlango ukafunguka kidogo na harufu ya kahawa ikatoka kutusalimia.

"Kadi haina shida, baba. Ila launji yetu haimo kwenye mtandao wa kadi hii. Ya kwenu ipo upande wa safari za nje, ukishapita uhamiaji."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Labda siku ukisafiri."

Siku nikisafiri! Mtu nina begi mkononi na tiketi mfukoni, naelekea makao makuu ya nchi, yaliyotangazwa tangu 1973. Ndege ya Dodoma ndiyo inayobeba wabunge na wakurugenzi na mafaili yao. Lakini kwa kadi yangu, Dodoma si safari, ni kama nimetoka kwenda dukani. Nikitaka chai yao lazima kwanza nigongewe muhuri wa kutoka Tanzania.

Nikajifanya napokea simu. Shemeji hakunihurumia. "Shemu," akasema kwa sauti ya kuitia ng'ombe, "si ulisema bure?" Kisha akaenda kununua chai mbili kwa hela yake, akaniletea moja. Mpaka naandika hapa, ukweni kote wameshapata habari.

Usiku huo sikulala. Nilikaa nikaisoma hii biashara, na imepangwa kwa akili kuliko nilivyodhani. Launji ya kwanza duniani ilifunguliwa na American Airlines kwenye uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939, ikaitwa Admirals Club. Zamani uliingia kwa hisani ya shirika: wakikupenda, unakaribishwa, wasipokupenda, ukae na wenzako. Mwaka 1992, London, ikazaliwa Priority Pass, ikasema shirika lisikusumbue wala daraja la tiketi, wewe lipa uanachama tu. Huko Marekani uanachama wake wa chini umekuwa ukiuzwa dola 99 kwa mwaka, na kila ukiingia unakatwa dola 35. Dola 35 ni kama shilingi elfu tisini. Treni ya SGR ilipofika Dodoma mwaka 2024, nauli ya chini kutoka Dar ilikuwa shilingi 31,000. Yaani kwa pesa ya kukaa kwenye sofa saa moja, karibu nakwenda Dar, narudi, nakwenda tena.

Hapo ndipo benki zilipoingia, na hapa ndipo utamu ulipo. Benki haina sofa hata moja. Ukichanja kadi mlangoni, benki inamlipa mtu wa kati, naye anabakiza chake na kumlipa mwenye launji. Kila sambusa unayokula inaiuma benki. Kwa hiyo inakutangazia launji kwenye mabango huku ikiomba usitokee. Mteja wake wa ndoto analipa ada ya mwaka bila kukosa, anajivunia kadi, halafu anaishi mahali ambapo kadi hiyo haifungui mlango wowote. Mteja huyo yupo Dodoma, na sasa hivi anawaandikia ninyi.

Safari nyingine niliingia kweli, nje ya nchi, nikiwa na binti yangu. Binti akahesabiwa mgeni, makato yakaja kwa dola.

Mara nyingine launji ilijaa, tukaambiwa wa kadi tusubiri kwanza, wa tiketi wapite.

Na uwanjani kwetu Dodoma nilimuuliza askari launji ya kadi ipo wapi, akaomba kitambulisho.

Lakini kinachonikera si sambusa. Nilipokuwa nakunywa ile chai ya shemeji, palikuwa na mama amekaa sakafuni na mtoto mchanga, amemlaza juu ya kanga, maana viti vilikuwa vimejaa. Nikawaza: viti vikitosha, choo kikiwa safi, na mtu akitangaza ndege inaruka saa ngapi, nani atanunua launji? Tunalipia kutengwa na shida ambayo ingeweza kuondolewa kwa wote. Kwa anayekesha Doha akisubiri ndege ya pili, akaoge na kujinyoosha, sawa, alipe. Mtu wa Dodoma–Dar analipia nini?

Naambiwa nivumilie, Msalato kunajengwa uwanja wa kimataifa, njia ya kurukia kilomita 3.6, Rais Samia aliweka jiwe la msingi Oktoba 2022. Huenda launji itakuwepo. Ila Msalato ninayoijua mimi ni ya mnadani siku ya Jumamosi: unachagua paja la mbuzi, linachomwa ukiona, unakaa kivulini, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.

Jana nimekwenda tawini kuirudisha kadi. Afisa akanipokea vizuri, akanipa kiti, akanieleza kwamba kadi za daraja langu hazifungwi tawini. Natakiwa kwenda makao makuu ya benki. Yapo Dar.