Sifa za Gari Linalochemka

Watu husifu gari linalofika. Mimi nalisifu gari linalochemka njiani, likatoa mvuke, likasimama, na kuwashusha abiria wote kwenye tope kati ya Kindu na Punia, hapa kwetu Maniema, Kongo. Nimekaa kando ya gari kama hilo mara nyingi, na katika barabara nzima sijaona mtumishi mwaminifu kuliko mshale wa joto unaopanda.

Punia hatuna foleni kama za Kinshasa au Dar es Salaam. Foleni yetu ni ya shimo. Mvua ikishapiga msituni, lori moja huzama hadi kwenye ekseli, na mengine hujipanga nyuma yake huku injini zikiunguruma. Pikipiki na baiskeli zenye mabidoni ya mawese hupita pembeni. Kwa injini, shimo hilo na njia panda ya mji mkubwa ni kitu kimoja. Gari likikimbia, upepo hupita kwenye rejeta bila kuombwa. Likisimama, au likijikokota kwa gia ya kwanza, kazi yote ya upepo huangukia feni. Kama feni ni mgonjwa, hapo ndipo atajulikana.

Wanaolitukana gari hili wakumbuke linabeba nini. Ndani ya silinda, moto wa mafuta huzidi nyuzi 2,000 za Selsiasi, na alumini inayotumika kutengeneza vichwa vya injini nyingi huyeyuka kwenye nyuzi 660. Karibu theluthi moja ya nguvu ya mafuta huishia kwenye maji ya kupoza. Maji hayo, ukuta mwembamba wa chuma, na feni ndivyo vinavyosimama kati ya safari na hasara.

Tena kuchemka ni sifa ya ukoo. Agosti 1888, Bertha Benz aliendesha gari la mumewe Karl kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, mwendo wa kilomita 100 hivi, akiwa na wanawe wawili. Injini ile ilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani, kwa hiyo walisimama mara kwa mara kutafuta maji mengine. Gari la kwanza kusafiri mbali lilisafiri kama letu: kutoka maji hadi maji.

Sifa yake kubwa ni kwamba linaeleza ugonjwa wake kwa lugha iliyo wazi. Likichemka kwenye foleni na kupoa likishika mwendo, tazama feni: mkanda umelegea, klachi ya feni imechoka, au mapezi ya rejeta yamezibwa na tope na nyasi. Likichemka mlimani na kwenye kasi, shuku rejeta iliyoziba ndani au pampu ya maji. Mpira wa juu ukiwa moto na wa chini baridi, maji hayazunguki. Themostati imegoma kufunguka au rejeta imejaa kutu. Maji yakipungua bila kuonekana yanakovuja, moshi mweupe ukatoka nyuma, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imekufa. Ni wagonjwa wachache wanaomsaidia mganga kiasi hicho.

Halafu haliombi vipimo vya gharama. Themostati hupimwa kwa sufuria ya jikoni: itumbukize, chemsha. Nyingi huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 82 hadi 88; ikibaki imefumba maji yakitokota, itupe. Usisahau kifuniko cha rejeta. Kindu iko takribani mita 500 juu ya bahari, na hapo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Kifuniko chenye springi nzima, kinachoshika shinikizo la kama baa moja, huyavumilisha hadi karibu 120. Kifuniko kibovu huyaacha yatokote mapema, na watu huanza kufungua injini nzima kwa kosa la kipande kidogo kuliko vyote.

Safari moja, tukiwa shimoni tangu asubuhi, kijana wa gari alikimbilia kifuniko na kitambaa mkononi. Dereva, mzee wa watu, alimshika bega: "Mwanangu, acha. Ngoja ipoe, itakuunguza uso." Tukangoja. Mama mmoja akagawa mihogo, mtoto wa kijiji akaleta maji kwa bidoni. Ilipopoa, mzee aliosha tope kwenye rejeta akianzia upande wa injini, akakaza mkanda wa feni, akajaza maji polepole. Tuliingia Punia usiku, injini ikiwa nzima.

Ninachokilaumu ni ile tabia ya kulinyamazisha. Fundi mmoja aliwahi kuing'oa themostati ya gari nililokuwa nalo, akaniambia, "Papa, hii ndiyo inaleta joto." Huku Kongo na Afrika Mashariki mafundi wengi hufanya hivyo. Injini iliyonyimwa themostati hukaa baridi safarini, hula mafuta na kulika kabla ya wakati. Na katika injini zenye njia fupi ya maji, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo foleni ikija huchemka zaidi. Wengine hujaza maji ya mto yenye matope miaka nenda miaka rudi, mpaka mirija ya rejeta inaziba, ilhali mbingu ya Maniema inatumwagia maji laini ya mvua karibu mwaka mzima.

Kwa hiyo, ndugu dereva, mshale ukipanda, shukuru kwamba umeambiwa mapema. Zima kiyoyozi, washa hita ya ndani. Mshale usiposhuka, egesha na uzime injini. Kifuniko usikiguse kabla ya nusu saa, na maji baridi usiyamwage kwenye chuma cha moto, maana kichwa hupasuka. Kinga maji ya mvua kwenye bidoni safi, changanya na dawa ya rejeta, rudisha themostati mahali pake. Maji ni ya bure. Kichwa cha injini kitakuja Kindu kwa ndege au kwa treni, na wewe utakingoja.