C Sita kwa Mpigo

Wanaosema vijana wa sekondari huku Rujewa, bondeni Usangu, wanapoteza muda kusaka maneno marefu ya Kiingereza yenye C nyingi wana wivu tu. Mdahalo mmoja wa shule ulihusu maji ya mashamba ya mpunga. Kijana kavuta pumzi, kamwaga “pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis”: herufi 45, C sita, na hata moja haina H ya kuisindikiza. Makofi! Maana yake hakuna aliyeuliza; kuuliza ni ushamba. Neno lenyewe lilibuniwa Marekani miaka ya 1930 kusudi liwe refu tu, basi limefika kwa wenyewe. Miaka saba ya msingi watoto hawa walifundishwa kwa Kiswahili, wakawa wanaelewa kila kitu, hali ya hatari kabisa. Sekondari, kwa Kiingereza chake, imewanusuru. Mifereji ya Usangu, nayo, itasubiri mkalimani.